Arubaini ya Malkia wa Sisimizi

Kabla sijasimulia, nitenge mambo mawili. Niliyoyaona ni haya: mdudu mwenyewe, chupa nilimomtia, na aliyoyatenda bibi yangu. Niliyoyasikia ni mengi zaidi, nayo yalizunguka Kibra nzima: kwamba malkia wa siafu huliita jeshi lake kwa harufu, kwamba jeshi hilo humfuata hata akivushwa mto, na kwamba nyumba anamowekwa haikosi msiba. Haya ya pili sikuyaona, wala sikupata kukutana na mtu aliyeyaona. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Nayataja kwa sababu moja tu: nusura yamuue kiumbe asiye na hatia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Nilikuwa mwalimu kijana, sijaoa, nikikaa kwa bibi mzaa baba, ambaye nilimwita Haboba, kama sisi Wanubi tunavyowaita bibi zetu. Alikuwa mjane wa askari na mkunga wa mtaa. Ukiacha sala zake, alipenda vitu viwili: kuku wake, na chetezo cha udongo kilichokaa katika kona ya chumba cha kati tangu kabla sijazaliwa. Nguo zetu zote zilitandazwa juu ya tenga, chetezo kikawekwa chini yake, zikafukizwa udi na sandali. Wanafunzi wangu walijua kwamba naingia darasani kabla hawajaniona.

Walimu wenzangu walicheza mpira. Mimi nilifuga sisimizi. Nilikuwa nimejaribu mara kadhaa kuwachimbua vibarua, yaani wale wadogo wanaohangaika na makombo, nikawatia katika chupa yenye udongo. Walichimba vijia vyao kwa bidii, kisha wakapungua hadi wakaisha, kwa kuwa hapakuwa na mama wa kuzaa wengine. Nilichokikosa ni malkia.

Nilimpata asubuhi moja ya masika, mvua kubwa ya kwanza ikiwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa natembea kutoka Kawangware pamoja na rafiki yangu, mwenye shamba na ng'ombe wa huko, aliyekuwa akituletea maziwa. Njiani nilimwona sisimizi mmoja mkubwa, mweusi, miguu yake rangi ya asali, akienda peke yake kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Nilipiga magoti kwenye tope.

"Mwalimu," rafiki yangu akasema, "umekosa hata kuku ya kufuga?"

Nilitoa kioo changu cha kukuzia, nikamtazama mdudu kwa muda. Kifua chake kilikuwa kimevimba kuliko cha kibarua yeyote niliyewahi kumwona, na pande zote mbili kilikuwa na makovu madogo. Nikampa rafiki yangu kioo.

"Hapa palikatwa kitu," akasema. "Ni kama ng'ombe aliyetolewa pembe."

"Mabawa," nikamjibu. "Aliruka usiku, akashuka, akayakata mwenyewe. Huyu ni malkia."

"Malkia wa nani?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Nilimtia mdudu katika kichupa nilichokuwa nacho mfukoni. Kujua kwamba ni malkia ni jambo moja; kujua ni wa kabila gani ni jambo jingine.

Rafiki yangu hakungoja jibu. Tulipofika nyumbani alitua kibuyu cha maziwa, akamwambia Haboba kwa furaha kubwa, akimwita bibi kwa Kikuyu chake, "Cucu, mjukuu wako amekuletea mama ya siafu!"

Alikuwa akitania, lakini alichagua nyumba mbaya. Msimu uliotangulia, siafu waliingia bandani na kuwamaliza kuku waliokuwa wakiatamia. Hilo nililiona, mimi ndiye niliyeokota manyoya. Haboba alisimama, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo chupa. Makaa yako tayari."

Nilimwomba anisikilize kwanza. Nilikwenda nyuma ya choo, ambako msafara wa siafu ulikuwa ukipita, nikarudi na mmoja aliyening'inia kidoleni kwa meno. Nilimwonyesha Haboba kwa kioo kwamba kichwa cha siafu hakina macho kabisa. Kisha nikamwonyesha malkia wangu, mwenye macho mawili yaliyo wazi.

Alitazama wa kwanza, akatazama wa pili, akanirudishia kioo.

"Mama anaweza kuona na akazaa kipofu," akasema. "Nimezalisha miaka mingi. Wewe umezalisha nani?"

Hoja yake ilikuwa sahihi. Sikuwa nimewahi kumwona malkia wa siafu, kwa hiyo sikuweza kuapa kwamba hana macho. Palikuwa na ushahidi mmoja tu ambao ungetosha: watoto.

"Ana mimba?" Haboba akauliza.

"Naamini anayo."

"Basi simchomi. Mzazi hafukuzwi mpaka atoke arubaini. Lakini watoto wake wakitoka vipofu, chupa inaingia motoni, na wewe utafagia banda la kuku mpaka uoe." Akanitazama juu hadi chini. "Na kwa hali yako, utafagia sana."

Nilimhamishia malkia katika chupa safi yenye udongo wenye unyevu, nikaziba mdomo kwa pamba. Alijichimbia kijumba ubavuni mwa chupa, akajifungia humo. Hakula chochote. Baada ya muda akataga mayai machache, akayakusanya, akayaramba. Nilizoea kumwangalia kila nirudipo shuleni, mpaka Haboba akaanza kunikemea.

"Mwanamume unachungulia chumba cha mzazi? Adabu umeiacha wapi?"

Akaifunika chupa kwa kipande cha kanga. Tangu hapo nililazimika kuomba ruhusa. Mara mbili nilimkuta yeye mwenyewe ameinua pembe ya kanga, akizungumza kwa Kinubi kwa sauti ile ya chini aliyoitumia kwa wanawake wenye uchungu. Mayai yakawa mabuu, na mabuu yakajifunga ndani ya vifuko vyeupe.

Siku ya arubaini nilirejea kutoka shuleni, nikasikia harufu ya udi tangu uani. Chupa haikuwa kwenye rafu. Ilikuwa sakafuni, chini ya tenga la kufukizia nguo, chetezo kando yake, na pamba imetolewa.

"Haboba, umefanya nini?"

"Nimemfukiza," akasema kwa utulivu. "Mzazi hatoki arubaini bila kufukizwa."

Malkia alikuwa chali, miguu imekunjwa. Niliichukua chupa mbio hadi barazani, nikaielekeza upepo unakotoka. Haboba alinifuata, akaketi juu ya mkeka, mikono mapajani.

"Amekufa?"

"Sijui."

"Leo ndiyo hujui?"

Nilimwona akiivuta kanga yake na kuanza kuipepea chupa, polepole, kama alivyokuwa akimpepea mtoto mwenye homa. Alipepea mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye banda la kuku. Hapo kipapasio kimoja cha malkia kilitikisika. Kisha mguu. Kisha akajigeuza, akayumba, akaenda moja kwa moja kwenye vifuko vyake na kuanza kuvipanga upya.

"Alhamdulillahi," Haboba akasema, akajifuta uso kwa kanga ileile.

Watoto walichelewa. Nilimkumbusha kwamba arubaini imepita; akasema wako wazazi wanaochelewa, niache haraka. Hatimaye kifuko cha kwanza kilipasuka, akatoka kibarua mmoja mdogo, hajakoza rangi, anatembea kama mlevi. Nilimpa Haboba kioo kabla sijatazama mimi. Alikishika kwa muda mrefu.

"Ana macho," akasema. "Ya mamake."

Nilitazama. Yalikuwako, mawili, meusi.

Nilipewa uhamisho muhula uliofuata, nikamwachia chupa. Nimesikia kwamba watoto walijaa akawafungulia uani, na kwamba sisimizi wenye miguu ya asali walioko huko hadi leo ni kizazi chao. Huenda, sikuwapo. Asubuhi niliyoondoka niliingia chumba cha kati kumuaga. Chupa ilikuwa kwenye rafu, kanga juu yake. Kona ya chetezo ilikuwa tupu, imefagiliwa; chetezo nilikipita kwenye jiko la nje, ambako moshi wake haukuweza kuifikia chupa, nikielekea barabarani.