Siku tuliyozunguka baraza za Mwanza mjini kumtafuta mtu aliyemjua baba yangu

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu marahaba.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Lakini juzi mwenzetu aliweka picha za nyumba za zamani za Mwanza mjini, akauliza kama kuna anayezikumbuka. Nazikumbuka. Nilizizunguka kwa miguu siku nzima, baraza baada ya baraza, na haikuwa kwa ajili ya kupiga picha.

Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Pale ambapo kumbukumbu imefifia nitasema imefifia, kwa sababu umri huu sina faida ya kuongeza chumvi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, mitumba imejaa kila gulio. Mimi nilikuwa katekista wa kigango kimoja upande wa Kisesa.

Binti yangu Veronika alikuwa amechumbiwa na kijana wa Igogo, Deogratias. Sisi tulimjua kama Deo Nestori, yaani mwana wa Nestori. Tulipouliza ukoo, mzee Nestori alisema amelelewa na bibi mmoja wa Kikerewe ambaye si ndugu yake, na ukoo wake haujui. Tukamhurumia, hatukumchimba zaidi. Jina la tatu hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo tulipokosea.

Padre alikuwa akifika kigangoni mara moja kwa mwezi, hivyo matangazo ya ndoa niliyasoma mimi. Jumapili ya kwanza nilisoma majina mafupi. Jumapili ya pili nikasoma fomu iliyotoka parokiani: Deogratias, mwana wa Nestori Malugu wa Igogo. Nikamalizia kama inavyotakiwa, kwamba anayejua kizuizi aseme.

Wakuu, Malugu ni baba yangu mzazi. Nililisoma jina lake kwa sauti mbele ya watu wote na masikio yangu hayakulisikia.

Shangazi yangu alilisikia. Akasimama benchi la tatu.

"Katekista," akasema. Kanisani hakuwahi kuniita mwanangu. "Huyo Malugu ni yupi? Maana Malugu ninayemjua mimi aliyekaa mjini ni kaka yangu."

Baba alishona cherehani Mwanza mjini kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa ameshafariki, mama pia. Hakukuwa na wa kumuuliza.

Tulipokwenda parokiani, padre akatoa cheti cha ubatizo cha Nestori. Mahali pa baba pameandikwa: Yohane Malugu, fundi cherehani. Jina lake la ubatizo na kazi yake. Kwa hiyo Nestori alikuwa ndugu yangu, na watoto wetu ni kaka na dada, wa baba mkubwa na baba mdogo. Kwa Kanisa hicho ni kizuizi, na kwetu Wasukuma ni jambo ambalo hata halizungumzwi mezani.

"Mimi naamini karatasi," padre akasema, "mpaka aje mtu aliyekuwepo aniambie vingine. Nawapa mpaka Jumamosi."

Alhamisi alfajiri nilikuwa Igogo kwa Nestori. Ananizidi miaka miwili hivi, mtu mrefu, mpakua mizigo wa bandarini. Tulikunywa chai na viazi. Kabla hatujatoka akafungua sanduku la bati, akatoa kijinguo cheupe cha mtoto mchanga.

"Bibi aliniachia hiki na cheti, basi. Nilikuwa nikimuuliza habari za baba, ananijibu, baba yako yumo kwenye cheti. Akafa na hilo."

Nilikitazama. Kilikuwa cha ubatizo, lakini vitambaa havikufanana. Mkono mmoja ulikuwa wa pamba nzito, mwingine wa hariri, kifua kina mistari midogo. Nestori akakikunja akakitia kwenye mfuko wa shati.

Tukapita karibu na stesheni ya reli, tukaingia mjini jua likiwa bado upande wa kilima cha Bugando.

Kwa wasioijua Mwanza ya wakati ule: nyumba za kale za wafanyabiashara wa Kihindi zilisimama bega kwa bega, juu roshani, chini duka, na mbele ya duka baraza pana yenye nguzo. Juu ya mlango mwaka wa kujengwa umechorwa kwa plasta, pengine na ua au jina la mke. Pengine jiwe kubwa limechomoza nyuma ya nyumba, na fundi wa enzi hizo aliamua kulifanya ukuta. Kila baraza ilikuwa na mafundi cherehani wake, na fundi hakuhamahama. Mteja alisema nguo yangu iko baraza fulani, ikaeleweka.

Sisi tulijua tu kwamba baba alishona baraza yenye nguzo za kijani karibu na Makoroboi. Nilifika pale mara moja nikiwa mtoto.

Tuliipata saa mbili asubuhi. Nguzo zilikuwa bado za kijani, lakini baraza yenyewe ilizibwa kwa vioo na nondo, ndani wanauza redio na pasi. Muuzaji alikuwa mwenye adabu. Alisema mafundi waliondolewa siku nyingi, hajui walikokwenda.

Basi tukaanza kuzunguka. Mtaa wa Rwagasore, barabara ya Pamba, mpaka darajani Mirongo na kurudi. Kila tulipoona cherehani tulisalimia kwanza, tukakaa, ndipo tukauliza. Wengi walikuwa vijana. Mmoja alituelekeza kwa mzee ambaye tulikuta amezikwa mwezi uliotangulia. Mwingine alitutuma upande wa bandari, huko tukakuta duka la simenti.

Mchana tulikula ugali na sato kwa mama ntilie, tukitazama ziwa. Nestori akaniuliza, "Wewe katekista, unaomba iwe nini?"

"Naomba uwe ukweli."

Akacheka. "Hilo jibu la darasani. Mimi naomba mawili. Deo aoe, na mimi nipate baba. Sasa hayo mawili nikimpelekea Mungu kwa pamoja atanishangaa."

Nikamwongezea mboga.

Alasiri tulipita kanisani nikaomba tuingie kidogo. Nilipiga magoti nikasema kimoyomoyo: Bwana, baba yangu alianguka akiwa mbali na nyumbani, nami namsamehe. Niliona wepesi. Nilipotoka nje nilijiona mtu mwema sana. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Saa kumi miguu ilikuwa imechoka. Tukarudi pale pale kwenye nguzo za kijani, kwa sababu Nestori alitaka kuiangalia tena nyumba kabla ya kwenda. Muuzaji wa redio akatuonea huruma, akatupitisha dukani tutokee uani kwenye bomba la maji.

Na uani, kwenye uchochoro, hatua kama ishirini kutoka tulipoanzia asubuhi, kulikuwa na cherehani, na mzee wa kofia ya kufuma akifupisha suruali.

"Karibuni," akasema bila kuinua kichwa. "Kama mna suruali ya kafa Ulaya, hii mitumba, wekeni hapo. Siku hizi sishoni, nawakata miguu Wazungu tu."

Tukamwamkia. Nikamtajia jina la baba.

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. "Malugu mrefu? Msukuma wa Kisesa, aliyekuwa akiimba Kilatini akikata kola? Wewe nani wake?"

"Mwanawe."

"Basi una pua ya mama yako." Akajitambulisha kuwa ni fundi Ramadhani. Walikuwa wanne barazani, amebaki yeye. "Wametuhamishia huku nyuma na ndoo na mafagio. Na huyu bwana?"

Nestori alitoa kile kijinguo akakiweka juu ya meza ya cherehani.

Mzee hakutazama kwanza vitambaa. Alikigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono mpaka mwisho wake.

"Mara tatu," akasema. "Mimi nikifika mwisho narudi nyuma mara tatu. Malugu alinicheka, akisema wewe Ramadhani unashona kama unafunga ng'ombe." Kisha akamtazama Nestori. "Kumbe uliishi."

Akatueleza, nami nafupisha. Mama yake Nestori alikuwa mwanamke wa Ukara aliyewauzia uji pale barazani. Mwanamume wake aliondoka na boti na hakurudi. Alijifungua vibaya, na kabla hajafa aliwaomba mafundi mtoto abatizwe, maana yeye alikuwa Mkristo. Mwenye nyumba aliyempangisha, yule bibi wa Kikerewe wa Igogo, akamchukua mtoto.

"Sisi watatu Waislamu," mzee akasema. "Tukashona nguo kwa vipande vilivyobaki. Mkono huu kanzu ya shehe, huu sari, kifuani shati la karani wa bandari. Kule kwa padre tukaulizwa, baba ni nani? Tukatazamana. Mimi nikisema mimi, wataandika Ramadhani na mtoto atarudishwa. Malugu akasogea mbele, akasema, andika mimi."

"Kwa hiyo si baba yangu," Nestori akasema.

"Kukuzaa, hapana. Wakati ule alikuwa kwao Kisesa mwaka mzima, anauguza mgonjwa nyumbani. Karudi hapa mama yako ana mimba kubwa."

Nikauliza kwa nini baba hakutuambia.

Mzee akavuta suruali yake. "Nilimshauri awaambie. Akanijibu, Ramadhani, nikisema nimempa mtoto wa mama uji jina langu, nani nyumbani ataamini kwamba ni jina tu?" Akanitazama. "Wewe leo uliamini?"

Wakuu, saa moja tu iliyopita nilikuwa nimepiga magoti kumsamehe baba dhambi ambayo hakuitenda, na nikajisikia vizuri.

Nestori alikuwa ameinama. Akasema taratibu, "Basi Deo ataoa. Na mimi nimerudi kuwa mtoto wa bibi wa Igogo, sina baba."

"Acha ujinga," fundi Ramadhani akamkemea kama mtoto. "Mafundi wanne wameacha kazi siku ya soko kwa ajili yako, halafu unasema huna baba? Lete hiyo nguo, kwapa limefumuka."

Akaketi, akashona kwapa la nguo ya mtoto, mbele ya mwanamume wa miaka hamsini aliyekuwa akilia bila kujificha. Mwisho wa mshono alirudi nyuma mara tatu.

Jumamosi mzee alikwenda nasi parokiani, akaapa kwa Mwenyezi Mungu mbele ya padre. Padre akaandika. Jumapili nilisoma matangazo kwa mara ya tatu, na safari hii nilipofika kwenye jina la Malugu nilisimama kidogo. Shangazi akaitikia "Amina," mahali ambapo hapaitikiwi.

Baada ya ibada nilikwenda peke yangu kwenye kaburi la baba kuomba radhi. Wiki iliyofuata Nestori aliomba nimpeleke na yeye. Alileta jembe lake kutoka Igogo, akapalilia kaburi mwenyewe, nami nikamwachia, kwa sababu niliona ni haki yake.

Nilichojifunza ni kidogo. Miaka yote nilifundisha watu kusamehe, na sikuwahi kuwaambia waulize kwanza. Namshukuru Mungu kwamba alinipa siku nzima ya kutembea kabla ya kunipa jibu, maana ningelipata asubuhi nisingejijua.

Nyumba ya nguzo za kijani haipo tena, pamesimama ghorofa. Kama kuna mwenye mzee aliyeshona kwenye baraza zile, aandike hapa chini jina lake na mtaa wake, na kama anakumbuka, namna alivyomaliza mshono. Nitasoma yote, polepole.