Sahani ya Mayai ya Samaki

Miaka mitano ya ndoa, na mtoto hakuna. Kila Ijumaa mama mkwe alinikaangia mayai ya samaki. Mume wangu, karani wa yadi ya makontena Kurasini, alipewa kichwa. Mimi nilipewa mayai, na ilikuwa lazima niyamalize mbele ya mama. Ndiyo desturi niliyoikuta katika nyumba yao ya Temeke: mwanamke asiyezaa alishwe mayai. Habari za mwanamume hakuna aliyeziuliza. Niliyachukia mayai yale mpaka harufu yake.

Na kazi yangu ilikuwa mayai hayohayo. Nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye mradi wa perege, mmoja wa miradi ya wageni iliyoingia wakati ule maduka yalipoanza kujaa bidhaa. Kutwa nzima nilipasua perege jike, nikayapanga mayai yao kwenye kioo: mengine manjano, yameshiba, mengine meupe, yamegoma kukua. Mtaalamu wetu alikuwa akizitafuta jeni zinazoamua yapi yakue.

Ijumaa moja mama mkwe, huku akiwarushia kuku mchele, akasema kuna binti mmoja Mbagala ametulia sana. Nilielewa. Uvumilivu ukanishinda, nikaweka kijiko chini.

"Mama, yai halijitengenezei kiini. Kiini kinatengenezwa kwenye ini la samaki, damu ndiyo inakipeleka. Na jeni ya kazi hiyo hata dume anayo, ila imelala tu."

Mume wangu alikiinamia kichwa cha samaki. Mimi nilikwishapimwa mara mbili, nikaambiwa sina kasoro. Yeye alikataa kwenda. Hilo sikulisema, niliona haya kumwaibisha mbele ya mama yake.

Mama mkwe akakusanya vyombo. Wiki nzima nililia, nikijua mdomo wangu umeniponza.

Ijumaa iliyofuata alikuja na sahani mbili, mayai na maini ya samaki juu yake. Moja akaiweka mbele yangu. Nyingine akaiweka mbele ya mwanawe, kichwa akakiacha jikoni.

"Kula na wewe," alimwambia. "Kumbe dume naye anayo. Sitoki hapa mpaka umalize."

Alimaliza yote, machozi yakimlengalenga. Jumatatu akaomba ruhusa kazini, akaniambia nimsindikize hospitali.