Mama Mkwe Haendi Popote

Mkewe alipofariki, watu walidhani kinyozi atamrudisha mama mkwe kwa wanawe. Hakumrudisha. Bibi alikuwa amehamia kwao magoti yalipoanza kumsumbua, akakizoea chumba chake chenye dirisha la barabarani, na kinyozi hakuona kwa nini msiba umfukuze na yeye.

Kazi ngumu ilikuwa ule usahaulifu wake. Kila asubuhi, akishavalishwa sweta, bibi aliuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Mwanzoni kinyozi alimwambia ukweli. Bibi akalia kila siku kama ndiyo kwanza anaisikia habari hiyo, na kinyozi akafiwa upya pamoja naye. Siku moja ulimi ukamgomea. Akajibu, "Ametoka kidogo, mama." Bibi akatulia, akanywa chai yake. Tangu hapo jibu likawa hilo.

Kumwacha peke yake hakukuwezekana. Aliwahi kuwasha jiko akalisahau. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuja kumwogesha, lakini naye alikuwa na shughuli zake. Basi kinyozi akabeba kiti cha bibi mpaka kwenye kibanda chake cha kunyolea, akakiweka karibu na kioo.

Wateja hawakupenda. Soga za wanaume zilikosa chumvi. Dereva mmoja wa lori akamnong'oneza, "Fundi, hapa si mahali pa bibi."

"Basi tafuta mahali pako," kinyozi akamjibu bila kuzima mashine. "Huyu habanduki."

Dereva akaondoka kweli, na wengine wakamfuata. Waliobaki wakazoea. Bibi akawa mkaguzi wa vichwa. "Huyu umemwacha kama shamba lililolimwa nusu," alisema siku moja, na kibanda kizima kikacheka, mwenye kichwa akiwemo. Siku za namna hiyo kinyozi alirudi nyumbani moyo mwepesi. Siku nyingine bibi alimsukuma akimvisha viatu, akamwita mwizi, naye akatoka nje kuegemea ukuta mpaka hasira ipoe. Alikasirika, ndiyo, na hakumficha mtu.

Kisha akaja shemeji, kaka wa marehemu, na gari lake. Akasimama mlangoni.

"Shemeji, mama yangu anakaa kwenye nywele za watu. Nachekwa."

"Unachekwa wewe. Yeye hachekwi."

"Dada hayupo tena, kwa hiyo hapa hana ndugu. Leo anakwenda kwangu. Yupo dada wa kazi, atamwangalia."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi."

"Hata mimi. Ndiyo hii, na mama yupo."

Shemeji akashusha sauti. "Tena unamdanganya. Kwenye simu ameniambia dada ametoka."

"Namdanganya. Njoo kesho asubuhi umwambie wewe, halafu umbembeleze mpaka anyamaze. Ukiweza, nitaacha."

Shemeji akaingia ndani. Akamwinamia mama yake, akamshika mkono. "Mama, twende."

Bibi akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Subiri kidogo, baba. Wapo waliokutangulia."

Hakuna aliyecheka. Uso wa shemeji ulimlegea, na kinyozi akamwonea huruma, lakini hakurudi nyuma hata hatua. Akakung'uta kitambaa, akamwonyesha kiti. Shemeji akasita, kisha akaketi, akalia kimyakimya kichwa kikiwa kimeinamishwa, huku kinyozi akimnyoa polepole kuliko kawaida.

Aliondoka bila mama. Siku hizi huja Jumamosi, hukaa na bibi mpaka jioni, humkata kucha, na bado hubishana na kinyozi kwamba kibandani si mahali pake. Safari moja shemeji alimuuliza kinyozi mbona hata asante hampi kwa kuja kwake.

"Asante ya nini?" kinyozi akasema, akifagia. "Kwani ni mama yangu peke yangu?"