Jina Lililomo Ndani ya Herufi

Fundi mabango yule, mtu wa mikono mirefu na maneno machache, herufi zake alizichora kwa penseli, moja moja, mwaka ule mkewe alipolala kitandani. Anamgeuza mgonjwa, anampa dawa, anarudi mezani. Herufi g peke yake aliifuta mara nne, tumbo lake halikumkaa machoni. Mkewe akamtania, "Haya, umeniletea mke mwenza wa karatasi." Hakupona, yule mama. Herufi zikabaki.

Aliyeziingiza kwenye kompyuta ni mdogo wake. "Jina lako nimeliweka humo ndani, kaka," alimwambia, na fundi akaishi na neno hilo miaka tisa. Akiziona herufi zake kwenye kadi ya harusi au kalenda ya watu, moyo unatulia: jina limo, hata kama halionekani.

Kazi ya brashi ilipokwisha, uzee ukiwa mlangoni, alijifunza kubadili mafaili ya herufi ili printa hii na ile ziweze kuyasoma. Alibadili za watu wengi. Zake mwenyewe hazikuwahi kumrudia, hadi mama mmoja mwenye duka la kuchapa aliponunua printa mpya. Printa ya zamani ilizisoma herufi zile bila shida. Hii ilitema vijisanduku vitupu, mstari baada ya mstari. Akamwita.

Fundi akalifungua faili. Programu, kabla ya kubadili chochote, ikaonyesha mchoraji ni nani. Lilikuwa jina la mdogo wake.

Akapiga simu.

"Ah, kaka, pale ni pa kujaza tu. Nani anasoma humo?"

"Nimesoma mimi."

"Sasa na wewe utagombana na kompyuta?"

Fundi akakata simu, akalifuta jina lile, akaandika lake.

"Umegusa nini hapo, fundi?" aliuliza mwenye duka.

"Nimerekebisha jina. Herufi hizi nilizichora mimi, mama."

"Sikatai. Lakini mdogo wako ndiye aliyeniuzia, na hati ya mauzo ina jina lake. Wateja wangu wakubwa hukagua. Hati ikisema hivi na faili likisema vile, mwizi ni mimi. Una karatasi yoyote?"

Karatasi za penseli alimpa mdogo wake azipige picha. Hazikurudi, naye hakuzidai. Watu wa tumbo moja, utamdai vipi karatasi?

Akalirudisha jina la mdogo wake kwa kidole kimoja, akabadili faili, akaagiza ukurasa wa majaribio. Printa ile mpya huanza kwa kuchapa jina la mchoraji. Likatoka jeusi, safi, na g iliyomo katikati yake ilikuwa na tumbo lililokaa sawasawa.

"Zimetoka vizuri kweli," alisema mama.

"Ndiyo," alisema fundi, akikusanya vitu vyake. "Ana mkono mzuri."