Chupa ya Pili ya Ramu

Nilifanya kazi ya baa miaka tisa katika hoteli moja ya Naivasha, kwa hiyo kinywaji kipya kikiingia kwetu, mimi ndiye niliyepewa kuonja kwanza. Jumamosi hiyo, baada ya chakula cha mchana, tulikuwa watatu nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Bondeni: dada, mumewe na mimi. Shemeji alikuwa dereva wa lori, mtu mwenye kicheko kikubwa, na alikuwa ametoka safari asubuhi hiyo.

Niliwaletea chupa ya ramu ya viungo kutoka supamaketi. Haikuwa ya matajiri. Ilimaliziwa kukomaa katika mapipa ya mbao yaliyowahi kuhifadhi wiski, na kwa bei ile sikutarajia mengi. Nikamimina kidogo kwenye glasi. Vanila ilikuja kwanza, halafu mdalasini na ganda la chungwa, na baada ya kumeza, ukavu wa mbao na moshi wa mbali ukabaki kooni. Utamu ulizidi kidogo. Hata dada, ambaye hunywa Krismasi tu, aliomba kuongezwa.

"Niko na ingine kama hii kwa lori," shemeji alisema, akiigeuzageuza chupa. "Nilichukua njiani, pale Mai Mahiu, nusu ya bei yako."

Akaenda kuileta. Lebo ilikuwa ile ile, ila karatasi ilikuwa imevimba pembeni, na kifuniko kilizunguka bila ule mlio wa kukatika. Nikanusa. Vanila ilikuwepo, kali kama ya keki, na chini yake hapakuwa na kitu. Nililowesha ncha ya ulimi, nikatema kwenye sinki.

"Shem, usikunywe hii."

"Wewe na hiyo pua yako ya hoteli!"

"Sijui ni nini, lakini haijawahi kukaa kwa pipa."

Dada alimtazama mumewe, kisha mimi. Sikutaka kumwaibisha mwenye nyumba mbele ya mkewe. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye sinki, chupa mkononi, nami nikairudisha mezani. Alikunywa glasi tatu akitazama mpira. Wala hakulewa. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, akinitania njia nzima.

Jumapili nilikuwa nikijiandaa kwenda kanisani dada aliponipigia simu.

"Kuja haraka. Anasema kuna ukungu kwa nyumba."

Nilimkuta shemeji ameketi kitandani, jua la saa nne likimpiga usoni, macho wazi. Alipumua mbio mbio kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Shem, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hebu fungua pazia."

Pazia lilikuwa wazi.

Hospitalini daktari aliitazama chupa, akauliza mgonjwa alikunywa saa ngapi na nani mwingine alionja. Nilipokiri, alinimulika macho pia. Tangu hapo, kila nilipoamka nilisoma maandishi madogo ya kalenda ukutani, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa lingine.

Siku ya tatu, shemeji akiwa bado kwenye mashine ya kusafisha damu, niliteremka Mai Mahiu. Kibanda alichonielekeza kilikuwa kimefungwa, rafu zote zimeng'olewa. Mama mmoja alikuwa akikaanga viazi mlango wa pili.

"Mathe, mwenye hapa alienda wapi?"

Alinitazama juu hadi chini. "Alihama. Na wewe ni wa nne kuuliza wiki hii."

"Hao wengine walitaka nini?"

Aligeuza viazi vyake.

Shemeji aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya wiki tatu. Jicho la kulia halioni kitu. La kushoto linaona vivuli, na herufi kubwa akizikaribia sana. Lori alipewa dereva mwingine. Polisi waliandika maelezo yetu na kuichukua chupa, na hatujasikia neno tangu siku hiyo.

Hajawahi kunilaumu, ila alasiri moja aliniuliza, kwa sauti ya upole kabisa:

"Kama ulijua, mbona hukuimwaga?"

Alisubiri, uso wake umeelekea kwenye kiti nilichokuwa nimekalia mwanzoni, kabla sijahamia karibu na mlango.