Mama Haandikwi Karatasini

Wazanzibari wa Tottenham, London, walikuwa na kawaida yao. Mwanamke akishajifungua tu, kabla hata hajapigiwa simu mamake Unguja, anapigiwa Mwatima binti Khatib. Naye Mwatima huja. Huja na mfuko wa pilipili manga, chupa ya mafuta ya nazi, na mikono ile iliyokanda matumbo ya wazazi kwa miaka ishirini na ushei bila ya kutaka hata ahsante. Siku arobaini atakuogeshea mtoto, atakupikia uji, atakukemea akikukuta unakanyaga sakafu bila ya soksi. Lakini kabla hujazaa, hakujui. Ukikutana naye sokoni Seven Sisters, tumbo limekutangulia hatua mbili, atakuuliza bei ya viazi. Watu walimcheka, wakasema Mwatima haoni mimba mpaka ilie.

Hakikuwa kiburi. Ulikuwa woga, na woga wenyewe ulikuwa na tarehe yake. Mwaka 1977, kwao Wete, alikuwa na miaka ishirini na mimba ya kwanza, na furaha ilimzidi kimo. Alishona vikanzu sita vya mtoto, kila kimoja na ua lake kifuani, akavianika uani mchana kweupe, majirani wakipita wakivishika na kuvisifu. Mtoto alizaliwa kimya. Mamake, aliyekuwa amemshika mgongo tokea alfajiri mpaka adhuhuri, ndiye aliyemfunika mtoto yule, na ndiye aliyevikusanya vile vikanzu. Alimwambia bintiye neno moja tu: "Ya tumboni yaache tumboni." Mwatima hakulihoji neno lile siku ile wala siku nyengine.

Miaka miwili baadaye mumewe, Matar, alichoka kuishi kisiwani akiulizia nani kakamatwa na nani karudi. Wakatoka, wakapita Dubai, wakaishia London. Ummukulthum alizaliwa huko mwaka 1983. Safari hii Mwatima hakushona hata leso. Hakumwambia mtu, hata Matar nusura asiambiwe. Alizaa katika chumba cheupe, Matar yuko nje kwa haya za wanaume wa kwao, na mkunga akimsemesha Kiingereza ambacho yeye wakati huo hakukijua. Kila alichoulizwa aliitikia ndiyo. Uchungu ulipokaza alinyosha mkono nyuma kumtafuta mamake, akakuta ukuta. Pale pale, pamoja na maumivu yake yote, alijiapia kwamba akipata mtoto wa kike, mtoto yule hatazaa peke yake. Atakuwapo yeye. Matar alikuja akafa, miaka ikapita, mengi aliyasahau, lakini kiapo kile hakukisahau.

Mwaka 2009 Ummukulthum akashika mimba. Alikuwa karani katika ofisi ya nyumba za halmashauri, kaolewa na Altaf, kijana mpole wa mtaa wa Kenton, ambaye wazee wake walikuwa Wahindi wa Mombasa. Mamake Altaf, Nurjehan, alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa, mwanamke wa kupanga kila kitu. Akialika watu kula Jumamosi, mchele umeshachaguliwa Jumatano. Aliishi nyumba moja na mwanawe na mkwewe, na wakisikilizana.

Mimba ilipofika wiki ya thelathini na mbili, mkunga alimpa Ummukulthum karatasi ya kuandikia mpango wa uzazi: angependa azae vipi, apewe dawa gani ya maumivu, na nani awe naye chumbani. Wanaoruhusiwa ni wawili. Alimwambia asiifanyie haraka, azungumze kwanza na watu wake, lakini asiiache mpaka dakika ya mwisho, maana watoto hawasomi kalenda. Ifikapo wiki ya thelathini na sita iwe imeshajazwa na imo ndani ya faili.

Jumapili akaja nayo Tottenham. Mwatima alikuwa akichambua mchicha. Ummukulthum, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alianza kumsomea mamake: kuna kuzalia ndani ya maji, kuna sindano ya mgongo, kuna gesi ya kuvuta. Mwatima akasema maji ya London hata kuoshea vyombo hayafai, seuze kuzalia. Wakacheka. Kisha binti akauliza lile alilokuja nalo: siku hiyo, mama angependa iwe vipi? Mwatima akainuka akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Jumapili ya pili binti aliuliza waziwazi kama mama atapenda kuwapo chumbani.

"Mambo hayo hayasemwi, mwanangu," Mwatima alimwambia. "Siku ikifika itajisema yenyewe."

Ummukulthum akauliza, je, kama karatasi itabaki tupu? Mamake akaisogeza ile karatasi kwa ncha ya kidole, isije ikagusana na mboga, akauliza habari za Altaf na kazi yake.

Jumapili ya tatu Ummukulthum hakuuliza. Alisema, kwa upole sana, kwamba kama jambo lenyewe halimpendezi mama si kosa. Watu hawafanani, wako wasioweza kumtazama mtoto wao akiumia. Mwatima alisikia kila neno. Jibu alikuwa nalo, liko mdomoni kabisa. Lakini kulitoa ni kuitaja siku, na kuitaja siku kwake yeye ilikuwa ni kuvianika tena vikanzu uani. Akasema, "Mungu atakufungua salama," na binti yake akalichukua hilo kuwa ndilo jibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini mshindo wenyewe huja baadaye, wakati mtu hana tena pa kujificha.

Na huyu Mwatima, kama mtu angetaka kumsuta, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila siku ya Mungu alikuwa akijaza mafaili. Mzee huyu chai yake haina sukari. Bibi yule akikata roho dirisha liwe wazi. Huyu aitiwe mwanawe, yule asiitiwe mtu. Msimamizi wao aliwakaririsha mpaka wakachoka kuwa kisichoandikwa hakipo. Mwatima aliyakubali hayo kwa wazee wa Kiingereza. Kwake yeye aliyaona ni upuuzi. Anayeandikwa ni mgeni. Hata mume anaweza kuandikwa, kwani huenda akawa kazini. Mama haandikwi karatasini, mama yupo. Nani anayeandika kwamba siku fulani atakwenda na miguu yake?

Wala asidhani mtu kwamba hakujitayarisha. Aliomba likizo ya wiki tatu, akamdanganya msimamizi kuwa anatarajia wageni. Aliufua mkaja, kile kitambaa kirefu cha kumfungia mzazi tumbo, akauanika nyuma ya mlango wa choo asiuone mtu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, alikuwa akijiambia akipiga pasi, na hiyo kazi yenyewe alikuwa tayari kwayo kuliko mtu yeyote London nzima.

Jumatano moja, saa tatu kasorobo asubuhi, Altaf alipiga simu. Walikuwa hospitali tokea alfajiri, mambo yanakwenda vizuri, mama asiwe na wasiwasi, watampa habari. Mwatima alishakata simu na kuvaa buibui. Ni njiani tu, amekaa ndani ya treni, ndipo maneno yale ya mwisho yalipomrudia: watampa habari. Akajiambia kijana kababaika. Alibadilisha treni, akapanda basi, likakwama, akateremka, akalikimbilia jengine mbio na miaka yake hamsini na mbili na viatu vya kazini miguuni.

Alifika saa nne na nusu. Mkunga aliyekuwa mezani alikuwa msichana mwenye sauti laini. Mwatima akamwambia yeye ndiye mama wa Ummukulthum. Mkunga akatabasamu, akafungua faili, akasoma, na tabasamu likapungua. Alisema chumbani wameshakuwamo wawili, mume na mama mkwe. Kisha, alipoona Mwatima hasogei, akamgeuzia karatasi ajionee mwenyewe. Yalikuwa maandishi ya Ummukulthum, yale yale ya mviringo tokea skuli. Yaliandikwa kwa Kiingereza na maana yake ilikuwa hii: "Mama yangu hapendi kuwapo wakati wa kuzaa. Tafadhali msimwite wala msimlazimishe. Akija, mpeni kiti na chai, sukari mbili."

Mwatima aliyasoma mara mbili. Alitafuta ndani yake neno la hasira, hata la kununa, hakulipata. Kila neno lilikuwa la mapenzi, na hilo ndilo lililomvunja. Lau angekuta ametukanwa, angejua la kufanya.

Mkunga alimwonea huruma. Alimuuliza kama anataka aingie akaulize. Mmoja akikubali kutoka, yeye ataweza kuingia. Mwatima akafikiri. Atakayetoka ni nani? Altaf ni mume. Basi ni Nurjehan, atolewe mlangoni saa kama ile, na binti aliye katikati ya uchungu aambiwe achague baina ya mama wawili. Na wiki ijayo Ummukulthum arudi Kenton, akaishi nyumba moja na mkwe aliyetolewa chumbani kwa neno lake. Mambo hayo kwao hafanyiwi hata adui.

"Muache," alisema Mwatima. "Usimshughulishe."

Akaletewa kiti. Akaletewa na chai, sukari mbili.

Kiti kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mlango wa chumba, na mlango haukuzuia sauti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mwatima aliujua uchungu ule hatua kwa hatua. Alijua sasa binti anakunja miguu, sasa anatakiwa ashikwe kiuno, hapa, chini kidogo, kwa nguvu. Aliisikia sauti ya Nurjehan ikisema pumua, pumua. Akasema moyoni kwamba pumzi si kitu, mshike kiuno. Alipoangalia mikono yake, aliikuta inakanda magoti yake mwenyewe. Akasoma kila sura aliyohifadhi, akamaliza, akaanza upya.

Baada ya kama nusu saa Nurjehan alitoka na bilauri, anatafuta maji ya baridi. Alipomwona alisimama, kisha akaja akamkumbatia.

"Dada Mwatima, kumbe umekuja," alisema. "Kulthum alituambia hizi mambo wewe huwezi kuangalia. Usiogope kabisa, mimi niko naye."

Aliyasema kwa moyo safi, na machozi yanamlenga. Mwatima akamshika mkono. Alijua wakati ni huu, hautakuja mwengine. Hapa hapakuwa na mkunga wala karatasi, palikuwa na wanawake wawili waliozaa, na maneno yaliyohitajika ni matatu tu: nataka kuingia mimi. Nurjehan angempisha bila ya kinyongo. Mwatima alifungua mdomo.

"Mama."

Sauti ilitoka chumbani. Nurjehan yeye aliitwa anti. Tokea siku ya harusi aliitwa anti. Katika jengo lile lote hakuwapo mwengine ambaye sauti ile ilimwita mama.

"Mama."

Nurjehan akamwachia mkono, akageuka, akaingia mbio na bilauri yake tupu. Mwatima naye alikuwa ameshasimama, chai imemwagika kwenye buibui, mkono uko kwenye kitasa. Mkunga wa pili aliyekuwa akija upesi na trei alimsogeza kwa bega, taratibu, kwa adabu, akamwomba radhi, akasema ni wawili tu. Mlango ukafungwa.

Hakuugonga. Wako watakaosema angeugonga, angepiga kelele, si mwanawe? Ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwako. Kwa miaka mingi Mwatima mwenyewe alikuwa akiwazuia watu milangoni kwa sababu faili limesema hivyo, na alijua kwamba anayezuia hana ubaya wowote. Wakati wake wa kusema ulikuwa zile Jumapili tatu. Alisimama pale pale, paji la uso limegusa ubao wa mlango, akasema, "Nipo, mwanangu, nipo hapa," kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe aliisikia kwa shida. Alikuwa bado anasema hivyo mtoto alipolia.

Walimwita baada ya muda. Ummukulthum alikuwa amelala kwa ubavu, nywele zimemganda usoni, na mtoto wa kike mkononi. Altaf alikuwa ameshamwadhinia na sasa alikuwa analia bila ya haya. Mwatima akambusu binti yake, akamtazama mjukuu, akasema mashaallah, akasema alhamdulillahi. Mtoto alikuwa na pua ya Matar.

Ummukulthum alimtazama mamake. Kisha akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kutafutatafuta, ambacho hakitoi ila kwa nadra.

"Nilikuita, Mama. Najua wewe hupendi. Lakini nilikuita tu."

"Nilisikia," alisema Mwatima.

Ilikuwa ndiyo kweli, na ndiyo iliyotangulia kutoka. Alitaka kuongeza kwamba alikuwa mlangoni, kwamba mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Lakini Ummukulthum alikuwa ameshatikisa kichwa polepole, kwa namna ya mtu aliyepata jibu alilolitarajia, akageukia upande wa pili kumnyonyesha mtoto. Nurjehan akaingia na tende, akampa Mwatima ya kwanza.