Mwaka Tuliokula Shaha

Shaha la mnazi lina harufu yake, ya maziwa mabichi na mvua iliyokatika sasa hivi. Ni ule moyo mweupe wa kileleni, mtamu ajabu, na haupatikani ila mnazi ukifa. Ndiyo maana nilikua bila kulionja, kwa kuwa Mama hakuwa mtu wa kukata mnazi. Minazi ilikuwa duka lake. Nazi zilikwenda kuuzwa bandarini Mocímboa da Praia, nasi tukala wali.

Kisha kimbunga kikaja. Kilipotulia tulitoka tukakuta minazi imelala chini, yote isipokuwa mitatu. Mama alikaa juu ya gogo akalia. Sisi watoto, mtuwie radhi, tulishangilia! Madafu yametapakaa kila mahali, hakuna wa kupanda wala wa kukataza. Tulikunywa mpaka matumbo yakatuuma, mengine tukanawia miguu. Baba akapasua vilele kwa shoka, akatugawia shaha, nami nikatafuna huku maji yake yakinitiririka hadi viwikoni. Kufa kufaana. Niliomba kimoyomoyo kimbunga kirudi kesho yake.

Haukupita muda, madafu ya chini yakachacha. Tukarudia maji ya kisima, ambacho mafuriko yalikuwa yamekiingilia pamoja na uchafu wa vyoo vya mtaa mzima. Maji yalionekana meupe, basi nani angepoteza kuni kuyachemsha, na kuni zenyewe zimelowa? Mdogo wangu Zaina, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akaanza kuharisha. Macho yakamwingia ndani, akilia machozi hayatoki. Posto ya afya, zahanati yetu, imeezuliwa paa, dawa zimelowa, na barabara ya kwenda ospitali imekatika. Nesi alimwambia Mama, "Mnyweshe kidogo kidogo, usichoke. Ya kisimani msiyaguse hivi hivi." Mama akatazama juu, kwenye minazi mitatu iliyosimama.

"Mwangulie madafu," alimwambia Baba.

"Yale yakikomaa ndiyo mchele wetu, mama Zaina. Muhogo umeoza wote. Tutakula nini?"

"Mnazi utazaa tena. Zaina sitamzaa tena."

Baba akajifunga kamba, akapanda. Mama akamnywesha mtoto dafu lenye chembe ya chumvi, kijiko baada ya kijiko, nami nikishika kata, mpaka Zaina akanyoosha mkono akamnyang'anya Mama kijiko. Nilikimbia mtaa mzima nikipiga kelele, "Kanyang'anya kijiko! Zaina kanyang'anya kijiko!" Njaa ilikuja kama Baba alivyosema, tukala ming'oko ya kuchimba porini, lakini tulikula sote.

Siku hizi vimbunga havikawii kurudi. Hiki cha juzi kilipopita nilitoka Mute ninakoishi mpaka nyumba ya Mama, ambayo sasa ni ya Zaina. Minazi mingi imelala tena. Watoto wake walinikimbilia mashavu yamelowa shaha. "Mama mkubwa, onja! Onja!" Nikaonja. Utamu ni ule ule. Nilicheka huku machozi yakinitoka. Uani, sufuria kubwa ya maji ya kisima ilikuwa inatokota, na ndoo ya maji yaliyokwisha kuchemka imefunikwa, inapoa.

"Nayachemsha tangu siku ya kwanza, dada," alisema Zaina, akipuliza kuni zenye moshi. "Safari hii nazi za juu zitakomaa."

Nikainua macho. Minazi minne imesimama, na nazi zake zote ziko juu.